Maswali yanayoulizwa sana: Je ni kweli Mungu anarejesha maisha yaliyovunjika?

Haya ni maswali ambayo watu wananiuliza sana, wengine baada ya jumuiya wakishaona wenzao wametangulia nje, wengine inbox usiku wa manane. Mi sio mchungaji, ni mzee wa kanisa tu wa kawaida, kwahiyo majibu ni ya mtu anaesoma Biblia na anaeishi na watu. Ukiona nimekuwa mkali mahali, ujue swali hilo limeshaniumiza kichwa sana.

Kurejeshwa ni nini hasa? Ni kurudishiwa nilivyopoteza?

Wengi tunadhani hivo mana ndo tunavyohubiriwa, umepoteza gari utapata gari, umepoteza kazi utapata kazi kubwa zaidi. Lakini hebu rudi kwenye ile habari ya mwana mpotevu, Luka 15, uisome taratibu. Yule kijana alichukua fungu lake akalimaliza huko mbali, akarudi hana kitu. Baba akamvisha joho jipya, akamtia pete na viatu, akachinjiwa ndama aliyenona. Sawa. Sasa niambie ni wapi baba kamgawia urithi mara ya pili? Hamna. Tena kaka mtu alipogoma kuingia ndani baba alimwambia vyote nilivyo navyo ni vyako, yani lile shamba lililobaki lilikuwa la kaka mtu na likabaki la kaka mtu. Mdogo alichorudishiwa ni nafasi yake ya kuwa mtoto nyumbani kwa baba yake, na yeye alikuwa amejipanga kuomba kazi ya kibarua tu.

Kwahiyo Mungu anaanza na wewe mwenyewe, na vile ulivyo kwake, alafu vitu vinaweza vikaja au visije. Najua jibu hili halipendwi.

Yoeli 2:25 inasema miaka iliyoliwa na nzige itarudishwa. Naweza kuidai hiyo ahadi?

Kwanza wale waliowaona nzige wa 2020 kule Kenya, Samburu, Marsabit, Isiolo, wanaelewa hii aya kuliko sisi tunaoiandika kwenye status. Ilisemwa Kenya haijaona nzige wa namna ile kwa miaka 70, na wataalamu wanasema kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Unalala una shamba, jioni ya pili una vijiti. Ndo hali waliyokuwa nayo watu wa Yoeli, na hapo ukumbuke hawakuwa na serikali ya kuleta ndege ya kunyunyiza dawa.

Sasa tatizo letu ni kwamba tunaruka moja kwa moja mpaka aya ya 25. Nyuma yake kuna aya ya 12 na 13, mnirudie kwa mioyo yenu yote, rarueni mioyo yenu wala si mavazi yenu. Watu wote wakaitwa, wazee, watoto, mpaka bwana harusi atoke chumbani kwake. Alafu ukisoma ya 23 na 24 unaona marejesho yenyewe yanakujaje: mvua kwa wakati wake, sakafu za kupuria zikajaa ngano, divai na mafuta vikafurika. Yani mvua, alafu kulima, alafu mavuno. Miaka yenyewe hairudi, ukiwa na 45 hautakuwa na 30 tena hata ufunge siku 40, ila Mungu anaweza kukupa mavuno kwenye miaka iliyobaki ambayo hukuyategemea kabisa. Idai hiyo ahadi, ila idai kuanzia aya ya 12.

Mtumishi kaniambia nipande mbegu ili Mungu arejeshe ndoa / biashara / afya. Nitoe?

Usitoe.

Sadaka ni kitu kizuri, toa kanisani kwako kama ulivyokusudia moyoni. Ila mtu akikuambia kiasi, na akikuambia usipotoa leo mlango unafungwa, huyo anauza. Petro alishamjibu Simoni yule mchawi wa Samaria, Matendo 8, aliedhani karama ya Mungu inapatikana kwa fedha, na alimjibu maneno makali ambayo sijui ni mchungaji gani leo angeyasema madhabahuni. Nimeona mama wa watu kachukua mkopo kausha damu ili apande mbegu, alafu ile biashara iliyokuwa inaumwa ndo ikafa kabisa na vyombo vya ndani vikabebwa.

Na sio hela tu. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Watu 20, walitoka nyumbani kwao wakiwa wazima wanatafuta kurejeshewa. Mi nikikumbuka hilo huwa sina hamu ya kubishana na mtu kuhusu upako.

Dhambi yangu ni kubwa mno, hata nikikutajia utaniblock. Kweli Mungu anaweza?

Soma habari ya mfalme Manase, 2 Nyakati 33. Aliingia utawala ana miaka 12 akatawala 55, akajenga madhabahu za sanamu ndani ya hekalu lenyewe, akawapitisha watoto wake motoni, uchawi, ramli, kila kitu unachokijua wewe na usichokijua. Akakamatwa na Waashuru akapelekwa Babeli kafungwa pingu. Akiwa kule akajinyenyekeza akaomba, na Mungu akamsikia akamrudisha Yerusalemu. Kama kuna mtu angetakiwa aambiwe hapana ni huyo.

Na kwa mfano wa karibu yetu, nenda Rwanda. Kwenye mauaji ya kimbari ya 1994 kuna watu waliua majirani zao, wakafungwa, wakakiri, wakaomba msamaha kwa waliobaki, na leo kuna vijiji kama Mbyo kule Bugesera ambako walioua na walionusurika wanaishi nyumba jirani. Sisemi ni rahisi na sisemi kila aliyenusurika lazima akubali, hilo ni la mtu na Mungu wake. Ila ukiniuliza kama neema inafika huko, inafika.

Nimetubu kwa machozi kabisa, mbona kesi bado ipo mahakamani na mke kaondoka?

Yule mnyang'anyi pale msalabani aliambiwa leo hii utakuwa pamoja nami peponi. Na jioni ileile alikufa msalabani, tena wakamvunja miguu. Daudi naye alisamehewa siku ileile Nathani alipomwendea, ila mtoto alikufa na nyumba yake haikutulia mpaka anazeeka. Msamaha wa Mungu haufuti hati ya mashtaka. Unachopata ni kwamba unaingia mahakamani ukiwa mtu mwingine, na kama ulifanya kweli basi sema kweli.

Niliiba / nilidhulumu mtu. Nimeshaungama kwa Mungu, lazima nimwambie na huyo mtu?

Hili ndo swali ambalo watu hawalipendi kuliko yote na mi naona ndo penyewe, mana watu wengi wanaosema wameomba miaka na hawaoni kurejeshwa, ukikaa nao unakuta kuna kitu cha mtu wamekalia.

Sheria ya Musa ilikuwa wazi, Hesabu 5: aliyekosa aungame, arudishe kamili, na aongeze sehemu ya tano juu yake, yani asilimia 20. Zakayo yeye alipokutana na Yesu akapitiliza, nusu ya mali kwa maskini na aliowanyang'anya anawarudishia mara nne. Angalia mpangilio pale Luka 19. Yesu anasema wokovu umefika nyumbani humu baada ya Zakayo kusimama na kutaja hesabu. Zakayo hakununua wokovu, Yesu alishajikaribisha kwake kabla, ila ulipoingia ulionekana kwenye daftari la madeni.

Wazee wetu wa Uamsho walilijua hili vizuri mno. Ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, baada ya daktari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi kukutana na kuomba pamoja Namirembe, Kampala, mwaka 1929, ukasambaa Uganda, Kenya, mpaka kwetu Bukoba, watu hawakuishia kuimba Tukutendereza Yesu. Walikuwa wanarudisha vitu walivyoiba, wanalipa madeni ya zamani, wanasimama wanataja dhambi kwa jina lake, na wamisionari wazungu nao wakaomba radhi kwa Waafrika kwa ile dharau yao. Wenyewe waliita kutembea nuruni. Siku hizi tumebaki na wimbo tu.

Nitakupa mfano ninaoujua. Dada mmoja alikuwa mtunza hazina wa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, akawa anachota kidogokidogo, kumbe mumewe anaweka mikeka ya kubeti na yeye anaziba pengo, siku ya kuvunja kikoba ilipokaribia hela haikuwepo. Akaokoka kwenye mkutano wa injili katikati ya hiyo hali, akashauriwa na watu wa maombi kwamba ya kale yamepita asiyataje. Hakulala. Siku ya kikao akaja na lile daftari jeusi lenye kona zimelika, akalifungua mezani kwenye kurasa alizofuta na rabba akaandika upya, akaonyesha kwa kidole hapa nilichukua, hapa nilichukua, hapa nilidanganya sahihi ya mama fulani. Wengine walimtukana mbele yake, mmoja alitaka polisi waitwe. Mwisho wakakubaliana atalipa kila Jumamosi, na analeta, kuna Jumamosi analeta elfu mbili, na ikipokelewa anasaini yeye na mwenyekiti. Vitumbua anakaanga alfajiri ndo anapata hiyo hela. Hawajamrudishia uhazina na sidhani watamrudishia, ila wanakaa nae benchi moja na wakipata msiba wanamwita. Ukitaka kuona kurejeshwa kunafananaje kwa macho, ndo hivo.

Kuna pa kuwa makini lakini. Kama kukiri kwako kutamuweka mtu wa tatu kwenye hatari, au ni jambo la kesi, usikurupuke, tafuta mchungaji mwenye akili au mwanasheria mpange kwanza. Kukurupuka na kujitua mzigo kwa kumtwisha mwenzio sio toba.

Aliyenidhulumu kaokoka, anatoa ushuhuda kila Jumapili, na hajanirudishia kitu. Nifanye nini?

Mwendee mwambie. Kwa upole ila mwambie, Mathayo 18 inaruhusu, na asiposikia chukua mtu mmoja au wawili. Paulo alipomrudisha Onesimo, yule mtumwa, kwa bwana wake Filemoni hakusema deni limefutika kwa sababu kijana kaokoka, alisema kama anadaiwa kitu niandikie mimi, nitalipa. Deni lilitajwa. Kumsamehe ndugu yako hakukuzuii kudai chako.

Mume ananipiga, mchungaji anasema nivumilie niombe, Mungu atarejesha ndoa. Nivumilie?

Dada yangu, ondoka kwanza uwe salama, wewe na watoto. Maombi yatafanyika ukiwa kwa dada yako au kwa mama mdogo, Mungu anasikia kutoka huko pia.

Hakuna mahali Biblia imemwambia mwanamke akae apigwe ili ndoa irejeshwe. Daudi alipakwa mafuta na bado Sauli alipomrushia mkuki alikwepa, na akaondoka, na hakurudi kukaa nae meza moja tena ingawa alimsamehe mara mbili alipokuwa na nafasi ya kumuua. Alimsamehe akiwa mbali. Hata sheria yetu ya ndoa ya 1971 hapa Tanzania inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na kwenye vituo vingi vya polisi kuna dawati la jinsia na watoto, nenda pale. Ukiwa Kenya kuna namba 1195 unapiga bure.

Ndoa inaweza kurejeshwa? Inaweza, nimeona. Ila anaetakiwa kurejeshwa kwanza hapo ni mpigaji, na toba yake inapimwa kwa muda mrefu na watu wengine wakiangalia, na sio kwa maua na machozi ya wiki moja. Mchungaji anaeharakisha hilo anaogopa takwimu za kanisa lake.

Kijana wangu anatumia unga. Maombi au kliniki?

Vyote viwili mama, na usikubali mtu akuchagulishe. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadone, dawa ya kutibu uraibu wa unga, mwaka 2011 na sasa kliniki hizo zipo mikoa mingine pia, kijana anaenda kila siku asubuhi anakunywa dozi mbele ya nesi, arosto inatulia, kichwa kinapata nafasi ya kufikiri. Kuna watu wanasema akienda kliniki ni kukosa imani. Hao watu hawajawahi kulala chumba kimoja na mtoto mwenye arosto, anatapika, anatetemeka, mifupa inamuuma, anakubembeleza umpe hela kwa jina la Yesu huyohuyo mnaemuomba.

Ataanguka, tena huenda zaidi ya mara moja. Akianguka mrudishe kliniki na mrudishe ibadani siku hiyohiyo kama inawezekana, usisubiri awe msafi ndo aje kanisani. Na simu usiiache mezani. Unaweza kumpenda mtoto na ukafunga kabati.

Nilikuwa kiongozi wa kwaya / mwinjilisti, nikaanguka hadharani. Naweza kuhudumu tena?

Petro alimkana Bwana akiwa anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, Yohana 18. Sura ya 21 wanafunzi wanafika ufukweni wamevua samaki 153 na wanakuta moto wa makaa, na samaki juu yake. Yohana ndie mwandishi pekee anaeutaja huo wa makaa mara zote mbili na mi sidhani ni bahati mbaya. Yesu akamlisha kwanza. Alafu ndo akamuuliza mara tatu, sawasawa na zile mara tatu, na Petro akahuzunika, yani iliuma. Baada ya hapo akapewa kondoo wa kulisha.

Kwahiyo ndio, unaweza. Ila huoni Petro akijipeleka mwenyewe jukwaani Jumapili inayofuata. Na kuna huduma nyingine nafikiri zisirudi, aliyedhulumu watoto asirudishwe Sunday school, akasirike tu, atamtumikia Mungu akifagia kanisa watu wazima wakiwepo.

Ayubu alipewa mara mbili. Na mimi?

Ngamia walikuwa 3,000 wakawa 6,000, kondoo 7,000 wakawa 14,000, hiyo ni kweli. Watoto walikuwa 10 wakafa, wakazaliwa 10 wengine, na hakuna mzazi aliyezika atakuambia kwamba hesabu hiyo imefunga. Biblia yenyewe haisemi alisahau.

Kitu ambacho hakihubiriwi ni aya ya 11 ya ile sura ya 42. Ndugu zake wote na waliomfahamu zamani walikuja nyumbani kwake, wakala nae, wakamlilia, wakamtuliza, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Huo ni mchango jamani! Mungu alimbariki, na baraka ikafika ikiwa mikononi mwa shangazi na majirani. Sasa sisi tunamuombea mtu Mungu amrejeshe alafu bahasha ya mchango ikipita tunaangalia simu.

Inachukua muda gani?

Wote mnaipenda Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Aya ya 10 inasema miaka 70. Na ya 5 inawaambia wajenge nyumba hukohuko uhamishoni wakae, wapande bustani wale matunda yake. Wengine waliosomewa ile barua walizikwa Babeli.

Naomba lakini sisikii chochote, natamani hata nisiamke.

Ndugu, hilo usikae nalo peke yako usiku wa leo. Mwambie mtu mmoja kwa maneno hayohayo uliyoandika hapa, mke, rafiki, mchungaji, jirani, yeyote anaeweza kuja kukaa na wewe, na kesho uende hospitali uonane na daktari, useme vilevile. Huo ni ugonjwa kama malaria na una matibabu.

Eliya alikaa chini ya mti akaomba afe, 1 Wafalme 19. Mungu hakumkemea wala hakumuuliza imani yake iko wapi. Alimtuma malaika na mkate na maji, akala akalala, akaamshwa akala tena, mana safari ilikuwa kubwa kwake. Kula kitu hata uji. Mengine tutaongea.

Kanisa limenitenga, na ili nirudi kundini lazima nisimame mbele ya usharika. Naona aibu, si nihamie tu kanisa lingine?

Unaweza kuhama, hakuna askari mlangoni. Wengi wanahama na huko wanaanza na jina jipya, ila wanaishi wanaogopa siku mtu wa kule atakapokuja kutembea huku.

Kuna sharika zinafanya hili vibaya, nakubali, binti aliyepata mimba anasimamishwa peke yake na kijana aliyempa yupo kwenye kinanda anapiga, hiyo ni dhambi ya wazee na tumeshaisemea kwenye vikao. Kama kwenu ndo hivo, mwendee mchungaji kabla na umwambie hutasimama peke yako. Wagalatia 6:1 inasema anaemrejesha mwenzake afanye kwa roho ya upole, akijiangalia na yeye asije akajaribiwa, kwahiyo una haki ya kudai upole.

Lakini kama mchungaji wako ni mtu wa upole, simama. Inachukua dakika chache tu, mchungaji anasoma maneno, unajibu, wazee wanakuja mbele wanakupa mkono. Njoo na mtu wa kukaa nae benchi. Na meza ya Bwana ikiandaliwa siku hiyo, usikae nyuma.